Tiketi Iliyokuwa Mfukoni Mwangu

Koboko, alasiri

Mwanangu Kiden,

Nimejifungia chumbani na kalamu, na mama yako anadhani ninaandika hotuba. Muache adhani. Yeye ameshakuambia yote ya maji ya kuchemsha, ya kufunga mlango wa bweni, ya wanaume wa Kampala na midomo yao ya asali, tena amekufungia siagi ya simsim inayotosha kulisha chuo kizima. Hapo sina cha kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni mwaka wa pili sasa, halimezeki wala halitemeki.

Jana nilipita mlangoni kwako ukipanga sanduku. Juu ya nguo zote niliona umeweka ile picha yangu uliyoikata gazetini, kidole hewani, mdomo wazi, shingo imenitoka kama jogoo anayewika. Umeigundisha kwenye karatasi ngumu isije ikakunjika. Na siku ile ulipoleta barua ya chuo ulisema mbele ya wageni wote kwamba unakwenda kusoma sheria ili uwe kama baba. Walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakwenda kutazama mbuzi.

Picha ile inanitia kinyaa. Nataka ujue kwa nini kabla hujaipandisha gari.

Nianze na kazi yenyewe, maana wewe unaijua kwa upande wa makofi. Bungeni wanatuita wapinzani, sisi wachache tusionyamaza, ingawa bendera ya chama hatuna. Kazi yetu ukiiondolea mapambo ni swali moja: kodi ya watu imekwenda wapi? Ukiuliza leo unaambiwa faili liko njiani. Ukiuliza mwezi ujao, mwenye faili amekwenda semina. Ukikaza, anakuja mkurugenzi mwenyewe, amenyoa vizuri, ananukia, anakuita mheshimiwa mara tano katika sentensi moja, na akimaliza kusema hujui amesema nini.

Unaikumbuka ile zahanati ya upande wa Midia ambayo ilikuwa ijengwe? Mimi nilikwenda pale na karatasi za wizara mkononi. Karatasi zilisema imejengwa, imeezekwa mabati, imepakwa chokaa, na ina mlinzi anayelipwa kila mwezi. Nilichokikuta ni kichuguu, na mbuzi juu yake. Nilicheka peke yangu pale porini. Serikali ilikuwa inamlipa mtu kulinda kichuguu.

Basi tukakaa kamati kuuliza habari za kichuguu. Na kabla hatujauliza, ilikuja chai ya maziwa na sahani za sambusa, na karatasi ikazunguka meza ili kila mmoja atie sahihi apate posho ya kikao. Nilitia sahihi. Ile posho, Kiden, ilitoka wapi? Ilitoka kwa wazee wa Midia na Ludara waliouza kuku walipe kodi ili wasikamatwe. Nikawa nauliza nani amekula, na mdomo wangu una mafuta ya sambusa. Nyani haoni kundule. Mimi nilianza kuliona langu siku zile, nikageuza macho.

Kodi ya kichwa unajua inavyokusanywa kwetu, huhitaji kufundishwa. Umeona askari wa ofisi ya gombolola wanavyokuja kabla ya alfajiri, na wanaume wenye ndevu wanavyolala kwenye mashamba ya muhogo kama panya buku. Umeona wanavyofungwa kamba moja, mmoja nyuma ya mwingine, na kupitishwa sokoni mbele ya wake zao na wakwe zao. Nilikichukia kitu hicho na bado nakichukia. Hapo sikuwa mnafiki. Chuki yangu ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyonidanganya nikaona kila ninalosema ni kweli pia.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Serikali ya zamani ilipoanguka, na mkubwa wake alikuwa mtu wa kwetu, sisi watu wa Koboko tulibeba lawama ya jeshi zima, aliyevaa sare na asiyevaa. Mimi nilikuwa karani tu mjini Arua, kazi yangu mihuri na bahasha. Tulikimbia tukavuka mto Kaya, wewe una miezi mitatu mgongoni kwa mama yako. Tulikaa Sudan mpaka ukatimiza miaka saba. Siku ya kurudi, pale mpakani Oraba, askari walitupanga mstari. Walisema watu wa hapa na watu wa ng'ambo lugha yao moja, sura zao moja, wao watajuaje nani Mganda?

Sijui kama unakumbuka babu yako alichofanya. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo hakuliacha hata usiku tuliokimbia. Tuliacha cherehani, tuliacha Msahafu wenye jalada la ngozi, kopo hakuliacha. Alilifungua mbele ya askari, akatoa tiketi zake za kodi, moja kwa kila mwaka tangu alipoanza kuota ndevu, zimefungwa kwenye nailoni. Alizipanga juu ya gogo polepole, na askari alizitazama mpaka ya mwisho. Kisha babu akasema, "Watu wengine iko na shamba, wengine iko na bunduki. Mimi, karatasi hii iko Uganda yangu." Tukapita, sote tisa.

Kwa hiyo mimi, kuliko mtu yeyote, nilijua tiketi ni nini kwa watu wetu. Mtu wa Kampala anaiona kama risiti ya wizi. Kwetu ni wizi pia, lakini ndiyo inayokufanya usiwe mgeni kwenye barabara ya kwenu. Babu yako alilipa kwa serikali zilizomtukana, na alilipa bila kupata hata kidonge cha malaria, kwa sababu hiyo. Nilijua, nikasahau kwa makusudi.

Siku ya soko, mwaka juzi, nilisimama juu ya meza ya muuza nyama nikawaeleza watu habari za kichuguu na mlinzi wake. Walicheka mpaka machozi. Nikapanda moto. Nikawaambia wasilipe. Hakuna dawa, hakuna kodi. Wakubwa wakinyimwa mwaka mmoja watatusikia. Makofi yalikuwa mengi hata ng'ombe wa mnadani walishtuka.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Ni mzee Abdala, yule koplo wa zamani mwenye jicho moja. Alingoja kelele zipungue akasema, "Mheshimiwa, maneno yako iko mazuri. Lakini barabarani sisi taonyesha nini?"

Nilimjibu kwa mzaha. Nikasema waonyeshe sura zao, mwenye nchi hahitaji karatasi. Watu wakacheka tena, mzee akainamisha kichwa, na mimi nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa nijifute jasho.

Vidole vyangu viligusa tiketi. Yangu, ya mwaka ule, imelipwa. Sisi wabunge kodi yetu hukatwa kwenye mshahara kabla hatujauona, na tiketi huja kwenye bahasha, safi, na muhuri juu. Niliitia kwenye koti nilipokuwa natoka Kampala kwa sababu barabara ina vizuizi vingi, na mimi si mjinga. Ningeweza kuitoa pale pale nikaichana. Ningeweza kusema, jamani, mimi ninayo na nyinyi hamtakuwa nayo, fikirini tena. Nilitoa kitambaa, nikaiacha tiketi ilipo.

Na hapo ndipo mjomba wako Rajabu aliposimama, pamoja na baiskeli yake na magunia yake ya maharage. Unamjua, si mtu wa maneno. Alisema, "Kama shemeji nakataa, mimi pia nakataa." Akaketi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema. Mimi ndiye ambaye sikusikia la mkuu. Guu lililovunjika ni la mjomba wako.

Hayo mengine ulisimuliwa, ila ulisimuliwa nusu. Ulikuwa wakati ule wa waasi wa kutoka ng'ambo, kila mtu anamshuku mwenzake. Jumamosi Rajabu alikuwa anapeleka maharage Arua. Kwenye kizuizi aliombwa tiketi, akasema hana, amekataa kulipa. Wakamuuliza kwao wapi, akasema Koboko. Wakamwambia mtu wa Koboko bila tiketi ni mtu wa ng'ambo, na mtu wa ng'ambo saa hizi ni muasi. Walimpeleka kambini, na baiskeli ikawa ya mwenye nguvu.

Mimi nilikuwa Kampala. Mwenye duka mmoja wa Arua alinipigia simu ofisini siku ya Jumanne. Hapa ndipo penye nusu usiyoijua, hata mama yako haijui. Wote mnaamini simu ilinifikia Ijumaa na siku hiyohiyo nikapanda basi. Ilinifikia Jumanne asubuhi.

Alhamisi yule mkurugenzi wa kichuguu alikuwa aje mbele ya kamati. Alikuwa ametukwepa mara tatu, na safari hii waandishi wa habari walikuwa wameitwa. Nilijiambia siku mbili si kitu. Nilijiambia kazi ya taifa inatangulia mambo ya ukoo. Ona ulimi ulivyo mwepesi, Kiden, hata unaposema na nafsi yako. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Nilinunua tai.

Alhamisi ikafika, nikasimama, nikanyoosha kidole, nikamuuliza mkurugenzi ni nani aliyevuna jasho la watu wa Midia. Taa ya kamera ikawaka. Hiyo ndiyo picha iliyo juu ya nguo zako. Mtu unayemwona pale alikuwa anajua tangu juzi yake kwamba shemeji yake yuko ndani kwa sababu ya maneno yake.

Rajabu aliniambia mwenyewe baadaye, bila kunilaumu, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Alisema siku zote zile walikuwa wanamfagilisha uwanja tu na kumchotesha maji. Mguu waliuvunja Alhamisi jioni. Ningeondoka Jumanne, Jumatano ningekuwa langoni.

Niliondoka Ijumaa. Kwenye kizuizi kilekile walisimamisha basi, tukashuka, nikaonyesha tiketi yangu. Kijana mwenye bunduki aliisoma mbele na nyuma akanirudishia kwa heshima. "Pita, mzee," akasema. "Wewe iko raia mzuri, nalipa kodi." Nilimshukuru. Wallahi nilimshukuru, kisha nikairudisha tiketi mfukoni nikapanda basi.

Kambini nilitumia tiketi hiyohiyo na kitambulisho cha bunge kumtoa. Nilitia sahihi kwamba namfahamu kuwa ni Mganda. Mtu aliyezaliwa hapa, baba yake kazikwa hapa, akahitaji sahihi yangu.

Na unataka kujua mavuno? Watu waliposikia ya Rajabu, walikimbilia gombolola kulipa, mpaka waliokuwa na deni la nyuma. Karani wa pale aliniambia hajapata kuona mstari mrefu namna ile, na alinishukuru, sijui kama alikuwa ananidhihaki. Mkurugenzi alihamishiwa wizara kubwa zaidi. Ripoti yetu ilipokewa kwa shukrani, ikawekwa kwenye kabati, na kabati likafungwa. Mwaka jana wamesimamisha kibao kipya cha zahanati karibu na kichuguu. Mbuzi wanajikuna hapo.

Mjomba wako mguu ukaungana upande. Baiskeli hawezi tena, ndiyo maana unamwona sokoni kwenye gunia, na vitunguu mbele yake. Wewe umekaa naye pale mara ngapi? Basi umemsikia anavyowaambia wateja, tena kwa fahari, kwamba wengine wote waliogopa wakalipa. "Wawili tu tulikataa mpaka mwisho," anasema. "Mimi na shemeji."

Mwaka wa pili sasa nasikia maneno hayo na ninaitikia kwa kichwa. Nimenunua vitunguu kwake hata visivyolika nyumbani. Bunge zima likiniita mheshimiwa ninavimba. Yeye akiniita shemeji ninataka ardhi ipasuke. Wengine wamekula simiti na mabati. Mimi nimekula mguu wa mtu, na juu yake nikala sifa.

Sikwambii usisome sheria. Sikwambii siasa ni uchafu uikimbie, maana hao wa kichuguu wangependa sana watu wasafi wote wakimbie. Kodi ile ni ya dhuluma, na nilikuwa sahihi kuipinga. Ungekuwa uongo mwingine nikijitukana mpaka nikasema sikuwa sahihi. Lakini nilijifunza kitu ambacho chuo hakitakufundisha. Siku utakayosimama juu ya meza na watu wakakupenda, tia mkono mfukoni kwanza. Uone una nini ambacho wao hawana. Kama huwezi kukitoa mbele yao, shuka.

Nilikuwa nimepanga kuitia tiketi ile kwenye bahasha hii, uwe nayo badala ya picha. Nimeihifadhi kwenye kopo la babu yako, pamoja na zake, na hapo pia haistahili kukaa. Lakini nikisoma nilichoandika naona nafanya tena mchezo wangu. Nakuambia wewe, mtoto, unayenipenda, utakayelia kidogo na kunisamehe. Mwenye mguu sijamwambia.

Naacha kalamu. Nakwenda kwa Rajabu na barua hii, na tiketi.

*

Nimerudi. Magharibi nimeiswali kwake, nyuma yake, kwa sababu hakunipisha mbele kama afanyavyo siku zote.

Nilimkuta anachambua vitunguu mlangoni. Nilimwambia nina barua ya Kiden ambayo ni lazima aisikie kwanza. Nikamsomea yote, kama ilivyo, hata mahali pa tai. Kiswahili nilichoandika kilikuwa kigumu kwake hapa na pale, kwa hiyo mahali pa Jumanne nilirudia kwa Kikakwa ili nisije nikajificha nyuma ya maneno. Aliendelea kuchambua. Vizima kulia, vilivyooza kushoto.

Nilipomaliza alikiweka chini kitunguu alichoshika. Kisha akauliza, "Siku ile ya soko, karatasi ilikuwa mfuko gani?"

Nikamwambia wa kushoto, wa ndani.

Akaomba aione. Kusoma hajui, lakini alitafuta muhuri kwa kidole mpaka akaupata. Nilidhani ataichana, na nilitamani aichane. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kwa hiyo ukitafuta tiketi humu hutaipata, ameikamata yeye.

Halafu akaniambia, "Mheshimiwa, kesho mimi tapeleka mutoto Arua. Wewe bakia nyumbani."

Nimemuoa dada yake miaka ishirini na mbili iliyopita. Alikuwa hajawahi kuniita jina hilo.

Ndiyo sababu, mwanangu, asubuhi gari likiwaka hutaniona. Usinitafute, wala usimwambie dereva angoje. Barua hii nampa mama yako sasa hivi akuletee kabla hujafunga sanduku, ili kama kuna kitu unataka kukitoa, ukitoe. Nami nimemwomba aisome yeye pia.

Mkifika Arua, kutoka pale mnaposhukia mpaka kwenye basi la Kampala pana mwendo. Mjomba wako atataka kulibeba sanduku lako begani, na mguu ule. Usimpokonye, ataona umemdharau. Wewe punguza tu mwendo, muende sawasawa.

Baba yako